Chura wa Dodoma huishi miaka mingapi, na kiangazi hujificha wapi?

Ukiuliza chura huishi miaka mingapi utapewa majibu yasiyofanana hata kidogo. Mmoja atasema miaka miwili, mwingine kumi, wa tatu ataapa kwamba wapo waliovuka thelathini. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, maana kila mmoja anapima kitu chake. Kwa Dodoma na mikoa ya kati kuna ugumu wa ziada: mvua hukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei, na mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba hakuna mvua ya maana. Chura ana ngozi inayopitisha maji. Anaishije miezi saba katika nchi ambayo hata mito yake hubaki mchanga mtupu? Halafu usiku wa mvua kubwa ya kwanza anatokea, mkubwa na mnene, anapiga kelele hadi alfajiri, na watu wanasema kaanguka na mvua.

Hajaanguka na mvua. Alikuwa hapo hapo, pengine mita chache kutoka mlangoni. Na ukishaelewa alikuwa wapi, utaelewa pia ataishi muda gani, kwa sababu kwa mnyama huyu umri na makazi havitenganishwi. Kila hatua ya maisha yake ina mahali pake, na kila mahali pana namna yake ya kumuua.

Chura anayezungumzwa hapa ni yule wa ngozi kavu yenye vipele, miguu mifupi ya nyuma, anayekwenda kwa kutembea na kurukaruka hatua fupi, mwenye uvimbe mrefu nyuma ya kila jicho. Wataalamu humweka katika familia ya Bufonidae. Katika mikoa ya kati wapo wawili ambao mtu atakutana nao zaidi. Wa kwanza ni Sclerophrys gutturalis, mpenda watu, anayekaa bustanini, bafuni na chini ya taa. Jike wake mkubwa hufika sentimeta 10 hadi 12 kutoka puani hadi mwisho wa kiwiliwili. Dume ni mdogo zaidi na koo lake huwa la giza. Wa pili ni Sclerophrys garmani, anayefanana naye lakini ni wa nyika kavu zaidi. Msichanganye hawa na yule chura mkubwa wa kijani mwenye mdomo mpana, Pyxicephalus, ambaye hujichimbia chini sana na kujifunika kwa gamba la ngozi yake mwenyewe mpaka mvua irudi. Mengi yanayosimuliwa kuhusu chura kulala ardhini ni habari za huyo, na huko ndiko mkanganyiko unakoanzia.

Umri wa aina tatu

Jike mmoja wa Sclerophrys gutturalis anaweza kutaga mayai zaidi ya 10,000 kwa mkupuo mmoja. Tuseme anataga 10,000 kwa msimu na anaishi vya kutosha kutaga misimu mitatu. Jumla ni mayai 30,000. Kama idadi ya vyura wa eneo hilo haiongezeki wala haipungui, basi katika mayai hayo wanaofika utu uzima ni wawili tu, mmoja wa kuziba nafasi ya mama na mwingine ya baba. Waliobaki 29,998 wamekufa njiani, wengi wao wakiwa bado mayai au viluwiluwi. Ukipiga wastani wa umri kuanzia yai, utapata siku au wiki chache. Huo ndio umri wa kwanza, na ni wa kweli kabisa ingawa hakuna anayeutaja.

Umri wa pili ni wa chura aliyekwisha kuvuka mwaka wa kwanza. Huyu ni mnyama mwingine. Ana tezi za sumu nyuma ya macho, amejua maficho yake, ana akiba ya mafuta tumboni. Porini huyu huhesabiwa miaka michache. Kwa Dodoma, kila kiangazi ni mtihani mpya ambao baadhi yao hawaufaulu, kwa hiyo mwenye bahati ya kuwa na ficho zuri ndiye anayezidi wenzake miaka.

Umri wa tatu ni ule wa kumbukumbu za vyura waliofugwa. Chura wa kawaida wa Ulaya, Bufo bufo, porini hufikisha miaka 10 hadi 12, lakini yupo mmoja anayetajwa sana kwamba aliishi miaka 36 akiwa anafugwa. Mwili wa chura umeumbwa kudumu: hutumia nguvu kidogo, hula kidogo, na akikosa hatari hana sababu ya kufa mapema. Kinachomuua porini mara nyingi si uzee.

Na namba za Ulaya zisihamishiwe Dodoma hivihivi. Chura hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Yule wa Ulaya hulala kwenye udongo wa nyuzijoto karibu 5, ambapo mwili wake unakaribia kusimama kabisa. Wa Dodoma hujificha kwenye udongo wa nyuzijoto ishirini na kitu, na Oktoba unazidi hapo. Katika joto hilo mwili unaendelea kuchoma mafuta. Miezi saba ya kiangazi chetu inamgharimu zaidi kuliko miezi hiyohiyo ya baridi inavyomgharimu mwenzake.

Wiki sita za maji

Chura mzima anaweza kukaa mbali na maji karibu mwaka mzima, lakini mayai na viluwiluwi hawawezi. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu eneo lolote si kama lina maji, bali kama maji yake yanakaa muda wa kutosha.

Mambo huenda hivi. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha jioni, madume hutangulia dimbwini na kuanza kuita kwa mkoromo mzito unaorudiwa. Majike hufuata, kila mmoja akichagua sauti yake. Dume humpanda jike mgongoni na kumkumbatia chini ya makwapa; vidole vyake msimu huo huota ngozi ngumu ya kumsaidia asiteleze. Dume akimkumbatia dume mwenzake kwa makosa, aliyeshikwa hutoa mlio wa kukataa na kuachiwa. Jike akitaga, dume huyarutubisha mayai yakiwa yanatoka. Hutoka yakiwa nyuzi mbili ndefu za ute, ndani yake vimejipanga vitone vyeusi, na huzungushwa kwenye majani yaliyomo majini. Hapo ndipo pa kumtofautishia na vyura wengine: mayai yaliyokusanyika fundo moja, au povu jeupe linaloning'inia kwenye tawi juu ya dimbwi, si yake.

Katika maji ya uvuguvugu mayai huanguliwa ndani ya siku moja hadi tatu. Siku za mwanzo kiluwiluwi hana nguvu, hujishikiza tu kwenye ute na majani. Baadaye huanza kuogelea na wenzake kwa makundi meusi ukingoni, mahali pa maji ya kina kifupi na joto, akikwangua mwani na mabaki ya mimea. Kufikia wiki ya tatu au ya nne miguu ya nyuma imeonekana. Ya mbele, iliyokuwa ikikua ndani chini ya ngozi, huchomoza karibu na mwisho. Hapo mdomo mdogo wa kukwangulia hubadilika kuwa mpana, utumbo mrefu wa mla majani hufupika kuwa wa mla wadudu, matamvua hukoma na mapafu huchukua kazi. Katika siku hizo hali chochote. Chakula chake ni mkia wake mwenyewe, unaosagwa na mwili. Hali ikiwa nzuri, kazi yote huisha kwa wiki tano au sita. Wakibanana sana au chakula kikiwa haba, huenda hadi miezi miwili.

Sasa piga hesabu ya dimbwi. Kwa jua la Dodoma maji yaliyo wazi hupoteza kiasi cha milimita 5 hadi 7 kwa siku kwa mvuke pekee. Dimbwi la kina cha sentimeta 10, mvua isipoongezeka, limekauka baada ya wiki mbili hadi karibu tatu. La sentimeta 30 kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbugani usiopitisha maji, linafika wiki sita hadi nane. Kina hichohicho kwenye mchanga hakifiki popote, kwa sababu maji yanazama chini kabla jua halijayafikia. Ndiyo maana mbuga za Bahi, zinazojaa maji ya mto Bubu na kukaa nayo, huzalisha vyura kwa wingi ambao mto wa mchanga hauwezi, hata kama mto huo ulipitisha mafuriko.

Adui mkubwa katika hesabu hii ni ukame wa katikati ya msimu. Mvua za Desemba na Januari huja vizuri, vyura wanataga kila penye maji, hata kwenye alama za kwato za ng'ombe na njia za magurudumu. Kisha mvua inasimama, mara nyingi Februari, kwa wiki mbili au zaidi. Madimbwi madogo yote hufa na kila kilichomo. Vyura wamejikinga na hili kwa namna mbili. Kwanza, majike hawatagi wote usiku mmoja. Wapo wanaosubiri mvua za baadaye. Pili, viluwiluwi wanaohisi maji yakipungua na joto likipanda huharakisha mageuzi na kutoka mapema. Lakini haraka hiyo ina bei yake. Anayetoka mapema hutoka mdogo, na chura mdogo hukauka upesi kuliko mkubwa kwa sababu ngozi yake ni nyingi kulinganisha na maji aliyobeba. Dimbwi lililomfukuza mapema limemfupishia maisha hata kama halikumuua.

Mtu angedhani basi maji ya kudumu ndiyo bora: bwawa la Hombolo lililojengwa 1957, au Mtera. Si hivyo. Maji yasiyokauka hukusanya walaji mwaka baada ya mwaka: kambale, mabuu ya kereng'ende, mende wa majini. Ngozi ya kiluwiluwi huyu ina ladha mbaya ambayo baadhi ya samaki huiacha, ila buu la mende wa majini humtoboa na kumfyonza bila kujali. Kwa maoni yetu mahali pazuri kuliko pote ni lambo la katikati, lenye maji kwa miezi miwili hadi minne kisha linakauka kabisa na kuua walaji wote kabla ya msimu ujao. Mashimo ya moramu yaliyoachwa kandokando ya barabara, kama yana ukingo wa mteremko, hufanya kazi hiyohiyo. Yenye kingo wima ni mtego: chura mdogo anayetoka majini hawezi kupanda.

Maji ya chumvi hayafai kabisa. Maziwa ya Singidani na Kindai pale Singida mjini yanaonekana kama neema, lakini chumvi huvuta maji kutoka mwilini mwa kiluwiluwi kupitia ngozi. Vyura wa eneo hilo wanategemea madimbwi ya mvua na chemchemi za maji baridi, si ziwa lenyewe.

Nyikani na chini ya taa

Chura mdogo anapotoka majini ana urefu wa karibu sentimeta moja. Wiki za kwanza hutembea mchana, kandokando ya dimbwi, mamia kwa maelfu, na ndizo wiki za hatari kuliko zote za nchi kavu. Kuku, yangeyange, sisimizi, magurudumu, nyayo za ng'ombe wanaokuja kunywa. Wanaobaki hutawanyika, na baada ya kukua kidogo huhamia kwenye maisha ya usiku.

Kuanzia hapo anahitaji mahali pa kula, palipo karibu na mahali pa kujificha. Anakula chochote kinachotembea na kinachoingia mdomoni: mchwa, sisimizi, mende, nyenje, viwavi, kumbikumbi wa mvua za kwanza. Hana meno. Ulimi wake umeshikizwa mbele ya mdomo, si nyuma, hivyo anaurusha nje kwa kuukunjua. Na akimeza hufumba macho kwa sababu mboni zinashuka kusukuma chakula kooni. Shamba la mizabibu lenye umwagiliaji, bustani ya mchicha, eneo la kituo cha maji ambapo ndoo humwagika: hizi ni sehemu ambazo nyika imemletea kiangazi kisicho kikali. Taa za nje humletea wadudu bila jasho. Kukua kwa jiji la Dodoma kumeziba madimbwi mengi lakini kumeongeza taa na bustani, ndiyo sababu Sclerophrys gutturalis anaonekana mwingi mitaani huku chura wa nyika akizidi kurudi nyuma.

Dume huweza kukomaa akiwa na umri wa mwaka mmoja hivi, jike huchelewa. Kutoka hapo ukuaji hupungua sana, kwa hiyo ukubwa hauonyeshi umri. Chura mwenye sentimeta 9 anaweza kuwa na miaka miwili au sita. Watafiti hukata kipande chembamba cha mfupa wa kidole cha mguu na kukitazama kwa hadubini; kila kipindi ambacho ukuaji ulisimama huacha mstari. Kwa mikoa ya kati mstari huo ni wa kiangazi. Lakini ukame mkali wa Februari unaweza kuacha mstari wake pia, na mhesabuji asiye mwangalifu akampa chura miaka ambayo hajaishi.

Miezi saba bila mvua

Hapa ndipo penye elimu kubwa kuliko sehemu nyingine. Chura hanywi kwa mdomo. Chini ya tumbo, kuelekea kwenye mapaja, ana ngozi nyembamba yenye mishipa mingi ya damu. Anaikandamiza kwenye udongo wenye unyevu na maji yanaingia mwilini. Maana yake ni kwamba hahitaji dimbwi ili kunywa. Udongo wenye unyevu unatosha, hata kama mtu akiushika mkononi hauoni kuwa ni maji.

Pili, ana tangi. Kibofu chake huweza kubeba maji yenye uzito wa robo ya mwili wake au zaidi. Mkojo huo si takataka. Kiangazi kinapoendelea na damu yake kuanza kuwa nzito, mwili hunyonya maji hayo kutoka kibofuni na kuyarudisha kwenye damu. Anaingia kiangazi akiwa amejaza tangi, na kila siku anatoa kidogo.

Tatu, anachagua mahali. Kisigino chake cha nyuma kina kifundo kigumu anachochimbia huku akirudi kinyumenyume, lakini hawa si wachimbaji hodari. Kwenye udongo laini wanaweza kujizika; kwenye ardhi ya Dodoma iliyokaushwa na jua hawawezi, kwa hiyo hutumia kazi ya wengine. Vichuguu ndivyo nambari moja: ndani yake kuna unyevu ambao mchwa huutunza, joto halibadiliki sana, na chakula kipo mlangoni. Wengine huingia kwenye mashimo ya panya, chini ya mizizi na mashina matupu ya mibuyu, kwenye nyufa za udongo mweusi wa mbuga ambazo kiangazi hupanuka na kwenda chini kuliko jembe linavyofika, chini ya mawe makubwa, kwenye msingi wa nyumba, chini ya tangi la maji linalovuja. Anakaa amekunja miguu chini ya tumbo ili ngozi iliyo wazi iwe ndogo. Usiku wenye umande au baada ya kumwagiliwa bustani anaweza kutoka kidogo, akala, akarudi. Huu si usingizi wa kufa kama wa yule Pyxicephalus aliyejivika gamba. Ni kujibana na kusubiri.

Anayekufa kiangazi hufa kwa sababu chache zinazoeleweka. Alitoka majini mdogo mno. Au alichelewa kutoka, Aprili, akakosa wiki za kula kabla ya ukame, akaingia bila mafuta. Au ficho lake lilikauka. Au alifukuliwa. Nyoka wanaowinda vyura huingia kwenye mashimo yaleyale, na kenge huyafukua. Mwezi wa kumi ndio mwezi mbaya kuliko yote: joto limepanda, tangi limepungua, mvua bado.

Makazi yakiwa madogo sana

Wapo vyura Tanzania ambao hesabu ya dimbwi haiwahusu. Katika milima ya Udzungwa, kwenye bonde la Kihansi, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo asiyefika sentimeta 3, Nectophrynoides asperginis, aliyeishi kwenye eneo la hekta chache tu lililoloweshwa saa zote na manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai nje. Huzaa watoto walio kamili, kwa hiyo hana haja ya wiki sita za maji. Badala yake alihitaji manyunyu yasiyokatika. Mtambo wa umeme ulipoanza mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa njia na manyunyu yakafa. Novemba mwaka huohuo vyura 499 walipelekwa Marekani, Bronx Zoo, kuzalishwa. Bondeni ziliwekwa bomba za kunyunyiza maji, lakini mwaka 2003 idadi iliporomoka kabisa, na ukungu, yaani kuvu, unaoshambulia ngozi ya vyura ulikutwa kwao. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Wazao wa wale waliochukuliwa walirudishwa nchini, na kuanzia 2012 walianza kuachiwa tena Kihansi. Chura wetu wa Dodoma hana hatari ya kiasi hicho, kwa kuwa ameenea kusini na mashariki mwa Afrika. Lakini ukungu uleule ni sababu tosha ya kutohamisha vyura kutoka lambo moja kwenda jingine, na ya kuosha buti na kuzianika zikauke kabisa ukitoka kwenye maji ya eneo moja kabla ya kuingia mengine.

Yanayofanyika nyumbani na shambani

Kumwagia chura chumvi ili aondoke ni kumuua polepole. Chumvi hunyonya maji kupitia ngozi ileile anayonywea. Kama hamtaki aingie ndani, zibeni nafasi iliyo chini ya mlango ibaki chini ya sentimeta moja na zimeni taa ya kibarazani. Wadudu wakikosekana naye hana la kufanya hapo.

Kumshika hakuleti vipele mikononi. Ila akishikwa hukojoa, na hapo watu hucheka bila kujua alichopoteza. Masika si kitu, atajaza tena usiku huohuo. Agosti au Septemba hayo yalikuwa maji yake ya kumfikisha Desemba.

Sumu yake ni ya kweli na isidharauliwe. Hutoka kwenye tezi za nyuma ya macho akibanwa, na hushambulia moyo. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi, kwa hiyo chura huyu haliwi kwa namna yoyote. Mbwa akimng'ata ataanza kutoa mate na povu. Mwinamishe kichwa chini, mwoshe mdomo kwa maji safi yanayotiririka kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa dakika 5 hadi 10, na mpanguse ufizi kwa kitambaa kilicholowa. Msimwagie maji kooni, wala msimtapishe. Akianza kutetemeka, kuyumba au kupumua kwa shida, apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja. Anayemshika chura anawe mikono kabla ya kugusa macho.

Kwa wakulima wa zabibu, mrututu unaopulizwa dhidi ya ukungu wa majani ni shaba, na shaba huua viluwiluwi hata ikiwa kidogo sana majini. Bomba la mgongoni lisioshewe kwenye lambo wala mfereji. Lioshewe shambani, na maji ya kuoshea yamwagwe kati ya mistari mbali na mkondo wa maji ya mvua. Dawa za josho ni kali zaidi. Josho likitapika au likisafishwa na maji yake yakaelekea dimbwini, kizazi chote cha msimu huo kimekwisha, pamoja na wadudu ambao vyura wakubwa wangekula.

Wapo wanaotaka kuwasaidia vyura kwa kuchimba kidimbwi uani. Hatushauri. Viluwiluwi wa chura huyu ni walaji wa mwani, hawamalizi viluwiluwi vya mbu, na maji yaliyosimama karibu na nyumba ni malaria. Kinachosaidia zaidi ni ficho: tofali chache au mawe yaliyopangwa kivulini na uwazi wa sentimeta 5 hadi 8 chini yake, yakae juu ya udongo uliotifuliwa sentimeta 20 hadi 30, na nusu ndoo ya maji imwagwe hapo mara moja kwa wiki kuanzia Julai. Maji ya sabuni hayafai. Mkiweka sahani ya maji, iwe ya kina kisichozidi sentimeta 3, na maji yabadilishwe kila siku.

Wanaoberega, yaani kusafisha shamba bila kutifua udongo chini, huwaacha vyura wengi salama. Wanaolima kwa trekta Oktoba na Novemba huwafukua. Chura aliyefukuliwa bila jeraha, macho yamezama na ngozi imelegea, asitupwe lamboni. Hajui kuogelea kwa muda mrefu akiwa dhaifu, na ukingoni wapo wanaomngoja. Mbebe kwa koleo pamoja na udongo wake, mweke kivulini chini ya mti au kwenye ukingo wa shamba usiolimwa, kwenye shimo la sentimeta 30 lililomwagiwa lita mbili za maji na kuachwa yanywee. Mfunike kwa udongo laini usioshindiliwa, juu yake weka majani makavu au jiwe bapa lililoinuliwa upande mmoja. Fanya hivyo asubuhi au jioni, kwa sababu dakika ishirini za jua la mchana zinatosha kumaliza kile ambacho ameokoa tangu Mei.